Mlo wa Magadi: Historia ya Wenyeji Wasioonekana wa Ziwa Nakuru

Karibu na Gilgil, si mbali na barabara kuu iendayo Nakuru, ardhi imechimbwa ikaacha kuta nyeupe zinazoumiza macho jua likiwaka. Mahali hapo ni Kariandusi. Wageni hupelekwa kutazama mashoka ya mawe ambayo Louis Leakey na wenzake waliyafukua mwishoni mwa miaka ya 1920, kazi ya watu walioishi hapo yapata miaka milioni moja iliyopita. Wakishayaona hurudi kwenye magari yao. Ni wachache wanaouliza ule weupe umetoka wapi.

Umetoka kwa viumbe ambao jicho haliwezi kuwaona. Unga ule ni maganda ya diatomu, mwani wa seli moja ambao hujijengea ganda la silika, madini yaleyale yanayotengeneza kioo. Silika hiyo iliyeyuka kutoka kwenye mawe na majivu ya volkano, ikaingia ziwani, na diatomu wakaifyonza. Wakaishi kwa mwanga wa jua, wakafa, wakazama. Ganda likalalia ganda hadi tabaka likawa nene kiasi cha watu wa leo kulichimba na kuliuza kwa kazi za kuchujia na kutengenezea rangi. Wenye mashoka waliacha mawe machache. Diatomu waliacha kilima.

Ninaanzia hapo kwa makusudi. Historia ya Nakuru na Bonde la Ufa la kati husimuliwa kwa majina ya wapelelezi, walowezi, reli na ndege wa waridi. Mimi naona kwamba wenyeji wa kweli wa bonde hili ni vijidudu, na kwamba karibu kila badiliko kubwa la uhai wa maziwa yake, kuanzia rangi ya maji hadi wingi wa ndege, limepitia kwenye mlo wao. Wanasayansi wamechukua karibu miaka mia moja kulifikia jambo hilo. Walianza juu, kwa ndege, kisha kila kizazi kikauliza swali lile lile ngazi moja chini zaidi: na huyu naye anakula nini?

Kwanza yaeleweke maji yenyewe. Yapata miaka 10,000 iliyopita mvua ilikuwa nyingi, na Nakuru na Elmenteita yalikuwa ziwa moja lenye kina cha karibu mita 180. Mvua ilipopungua ziwa likashuka, likagawanyika, yakabaki madimbwi mawili mapana yasiyo na kina kikubwa. Mito ya Njoro, Makalia na Nderit huingia Nakuru, na chemchemi za Baharini huliongezea maji, lakini hakuna mto unaotoka. Maji huondoka kwa kupaa hewani tu. Yakipaa huacha chumvi zake chini, mwaka baada ya mwaka.

Chumvi hizo si za aina moja na za bahari. Mawe ya volkano ya bonde hili yana sodiamu nyingi na kalsiamu na magnesiamu kidogo. Hewa ya kaboni inapokutana na maji yaliyopita kwenye mawe hayo, kinachozaliwa ni magadi, yaleyale yanayotiwa kwenye sufuria ya maharagwe ili yaive upesi. Katika Ziwa Nakuru kipimo cha pH kimewahi kufikia 10 na nusu, ukali unaochubua ngozi ya mtu akikaa majini muda mrefu. Naivasha, mwendo wa saa moja na ushei kwa gari, nalo halina mto unaotoka, lakini maji yake hupenya ardhini na kuondoka na chumvi, ndiyo sababu yamebaki matamu, yenye samaki, viboko na mafunjo. Elmenteita, Nakuru na Bogoria hayakupata mlango huo wa chini.

Joseph Thomson alipolipita bonde hili mwaka 1883, na Askofu James Hannington alipoliona ziwa ambalo leo tunaliita Bogoria mwaka 1885, wiki chache kabla ya kuuawa Busoga, walichotazama ni njia, milima na watu. Mwaka 1893 mwanajiolojia J. W. Gregory alikuja kuyasoma mawe, na kitabu chake cha 1896 ndicho kilicholieneza duniani jina la Bonde Kuu la Ufa. Gregory alijua kwamba ardhi ilikuwa imepasuka na kudidimia. Hakuna kati yao aliyekuwa na sababu ya kuchota maji kwenye kichupa na kuyaweka chini ya hadubini.

Aliyefanya hivyo alikuwa mwanamke. Penelope Jenkin, mwanazoolojia Mwingereza, alifika kwenye maziwa haya mwaka 1929. Aliwatazama heroe, ndege ambao wengi wetu tunawaita flamingo, wakiwa wameinamisha vichwa juu chini, midomo ndani ya maji, wakitembea taratibu saa baada ya saa. Alipopasua midomo yao aliona ndani yake vijisahani vyembamba vilivyopangwa safu kwa safu, na ulimi mnene unaovuta maji ndani na kuyasukuma nje. Heroe wakubwa wana chujio pana, nao hushika wadudu na wanyama wadogo wa topeni. Heroe wadogo, wale waliokuwa wakilitia Nakuru rangi ya waridi, wana chujio jembamba mno, la kunasa kitu chenye upana wa sehemu ya kumi ya milimita hivi. Kitu hicho kilikuwa uzi wa kijani uliojiviringa mfano wa skurubu: sianobakteria ambaye zamani aliitwa Spirulina na siku hizi wataalamu humwita Arthrospira. Jenkin alichapisha kazi yake kamili mwaka 1957, karibu miaka thelathini baada ya safari ile, na hadi leo anayetaka kuujua mdomo wa heroe huanzia kwake.

Basi swali la kwanza likawa limejibiwa. Ndege milioni moja walikuwa wakiishi kwa bakteria. Rangi yao yenyewe, ile inayowavuta watalii kutoka pembe zote za dunia, hutokana na rangi za karotini walizozila ndani ya nyuzi hizo.

Kuwajua vijidudu kulichelewa, na wakati huo huo mikono ya watu ilikuwa tayari imeshaanza kuligeuza ziwa. Katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960 samaki wadogo wa Ziwa Magadi, waliozoea maji makali, waliletwa Nakuru ili wale viluwiluwi vya mbu. Walistawi, maana nao hula Arthrospira, na nyuma yao wakaja mwari kwa maelfu. Mwaka 1961 sehemu ya ziwa ilitengwa kuwa hifadhi ya ndege, na mwaka 1968 ikawa Hifadhi ya Taifa. Sheria ililinda ndege. Chakula cha ndege hakikutajwa, na nadhani hakuna aliyefikiri kwamba chakula hicho kingeweza kukosekana.

Kilikosekana mwaka 1974.

Kwa bahati njema, mwaka huo watu walikuwapo ziwani na vipimo mkononi. Ekkehard Vareschi alikuwa akiichunguza Nakuru tangu mwaka 1972. Alihesabu heroe, akapima wanachokula, akakadiria kwamba ndege mmoja huchuja majini gramu 70 hivi za chakula kikavu kwa siku. Ukizidisha kiasi hicho kwa kundi la karibu ndege milioni moja, unapata makumi ya tani za bakteria zinazovunwa kila siku kutoka kwenye ziwa lenye kina cha mita chache tu. Hakuna shamba la ngano la Njoro wala Rongai linaloweza kuvunwa kila siku namna hiyo. Jack Melack na Peter Kilham, Wamarekani waliopima usanisinuru katika maziwa ya magadi ya Afrika Mashariki na kuchapisha matokeo mwaka huo huo wa 1974, walionyesha sababu: maziwa haya ni miongoni mwa maji yanayozalisha zaidi duniani. Yale maji ambayo ng'ombe huyakataa na mkulima hawezi kumwagilia mboga, kumbe ndiyo yenye rutuba kupita ya Naivasha.

Rutuba hiyo inatoka wapi? Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo penye kiini cha habari yote.

Bakteria hana mdomo. Chochote anachokula lazima kwanza kiwe kimeyeyuka, kisha kipenye ngozi yake nyembamba. Anayeishi kwa jua anahitaji kaboni ya kujengea mwili, naitrojeni ya kutengenezea protini, fosforasi ya kutengenezea vinasaba na kubebea nishati. Katika maziwa mengi duniani mojawapo ya hivyo huwa haba, nayo ndiyo huamua nani akue na kwa kiasi gani. Katika ziwa la magadi kaboni haiwezi kuisha, kwa sababu magadi yenyewe ni kaboni iliyoyeyuka. Arthrospira ana mitambo ya kuipitisha hadi ndani ya seli na kuilimbikiza pale inapohitajika. Ana pia vifuko vya hewa ndani ya seli zake ambavyo humwezesha kuelea karibu na jua, jambo kubwa katika maji ambamo mwanga hufika sentimita chache tu kwa sababu ya msongamano wa ndugu zake.

Fosforasi nayo ni nyingi, na sababu yake inavutia. Katika maji ya kawaida kalsiamu huikamata fosfati na kuizamisha chini ikiwa madini magumu. Katika maji ya magadi kalsiamu imeshaondolewa na kabonati, basi fosfati hubaki inaelea huru. Mwaka 2019 Jonathan Toner na David Catling wa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, walitumia jambo hili kujibu fumbo la zamani: uhai wa kwanza duniani ulipata wapi fosfati ya kutosha? Jibu lao ni kwamba huenda ulianzia katika maziwa ya namna hii. Sisi tunaokaa karibu nayo tunapaswa kulisikia hilo.

Kinachobaki kuwa haba ni naitrojeni. Arthrospira hawezi kuichukua hewani kama wafanyavyo baadhi ya sianobakteria wengine. Lazima aipate ikiwa imeshaandaliwa, na waandaaji ni bakteria wengine wanaovunja mizoga, kinyesi cha ndege na nyuzi zilizokufa. Tena katika ukali wa pH 10 sehemu kubwa ya naitrojeni hiyo hugeuka amonia, ambayo hutoroka hewani au kuwadhuru wenye kuishi majini. Kwa hiyo wingi ule wa kijani unasimama juu ya mzunguko wa haraka mno: heroe anakula, ananya, bakteria wanavunja, Arthrospira anafyonza, heroe anakula tena. Ukivuruga kiungo kimoja, mnyororo mzima unakatika.

Mwaka 1974 mvua zilikuwa zimepungua, maji yakashuka, chumvi ikakolea kupita kiasi. Arthrospira karibu atoweke Nakuru, na Melack aliona mageuzi ya aina hiyo Elmenteita. Nafasi yake ilichukuliwa na mwani mdogo mno, wa seli mojamoja, unaovumilia chumvi nyingi zaidi. Kwa macho, ziwa lilibaki na uhai. Kwa heroe lilikuwa sahani tupu, kwa sababu seli hizo hupita katikati ya vijisahani vya mdomo na kutoka na maji. Makundi yaliyokuwa yakihesabiwa kwa malaki yakaondoka. Ndipo ilipoeleweka kwamba aina ya kijidudu ina uzito sawa na wingi wake, na kwamba ndege anaweza kufa njaa juu ya maji yaliyojaa chakula cha mwingine.

Ngazi iliyofuata chini ilihusu wale wasioishi kwa jua. Katika Chuo Kikuu cha Leicester, Uingereza, William Grant na wenzake walianza kukuza vijidudu kutoka maziwa ya magadi ya Kenya. Mwaka 1980 wakiwa na Brian Tindall walimweleza kiumbe mwekundu aliyehitaji magnesiamu kidogo sana kuliko jamaa zake wa chumvi za kawaida, na hilo liliendana na maji yaliyomlea, ambayo magnesiamu yake ni haba. Mwaka 1984 walitangaza jamii mpya kutoka Ziwa Magadi, na mmoja wao wakampa jina la Natronobacterium gregoryi kwa heshima ya Gregory yule wa 1893. Mpelelezi aliyekuja kusoma mawe akawa amepewa kumbukumbu katika kiumbe ambaye hakuwahi kujua kwamba yupo. Mwaka 1993 Mkenya Mwatha, akishirikiana na Grant, alimtangaza mwingine wa jamii hiyo kutoka maji hayo hayo.

Watafiti hawa walitaka kujua namna ya kula mahali ambapo kula kunaonekana kuwa muhali. Bakteria wa kawaida husukuma chembe za protoni nje ya ngozi yake, kisha huziacha zirudi ndani kupitia kimashine kidogo ambacho, kwa nguvu ya kurudi kwazo, hutengeneza nishati, mfano wa kinu cha kusagia kinachozungushwa na maji ya mto. Katika magadi protoni nje ni adimu. Mto umekauka, tena unataka kutiririka kinyumenyume. Walioweza kuishi hapo walifanya mambo mawili. Wana pampu zinazovuta protoni ndani na kutoa sodiamu nje, hivyo ndani ya mwili wao hapawi pakali kama nje. Na kwa kuwa sodiamu imejaa kila upande, wengi huitumia hiyo badala ya protoni: sodiamu inayorudi ndani huingia na chakula, na hata mkia wa kuogelea huzungushwa kwa nguvu yake. Sumu ya mazingira wameifanya mchukuzi wa mlo wao.

Chini yao, kwenye tope jeusi linalonuka yai viza, mlo ni mwingine tena. Hakuna oksijeni huko. Wapo wanaochachusha mabaki, wapo wanaopumua kwa salfeti badala ya oksijeni na kutoa harufu ile, wapo wanaotoa methani. Mahali tope linapokutana na maji yenye hewa wapo wanaoila ile harufu yenyewe, yaani salfidi, na kupata humo nishati ya kujijenga. Dimitry Sorokin, Mrusi, aliwaeleza kadhaa wa hao kutoka maziwa ya Kenya mwaka 2001. Kila taka ya mmoja ni sahani ya mwingine, na ndivyo ziwa lisilo na mlango wa kutokea linavyoweza kutupa taka zake.

Wakati huo ndipo biashara ilipoingia. Bakteria anayekula mabaki ya mimea hutoa nje vimeng'enya vya kuyameng'enya, kisha hufyonza kilichoyeyuka. Vimeng'enya vya bakteria wa Nakuru na Bogoria lazima vifanye kazi kwenye pH 10, na maji yenye sabuni ya kufulia nayo huwa karibu na pH hiyo. Kimeng'enya kinachokula selulosi kinaweza pia kulamba uso wa pamba ya jinzi na kuifanya ionekane imepauka, kazi iliyokuwa ikifanywa kwa kusugua kwa mawe. Mwaka 2004 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori Kenya, KWS, lilidai hadharani kwamba kampuni ya Marekani, Genencor, ilikuwa ikinufaika na vimeng'enya vilivyotokana na vijidudu wa maziwa ya Bonde la Ufa, waliochukuliwa na watafiti mwanzoni mwa miaka ya 1990, na kwamba Kenya haikupata fungu lake. Wakati sampuli zile zinachukuliwa, Mkataba wa Bayoanuwai wa Rio ulikuwa bado mchanga. Ulitiwa saini mwaka 1992 na kuanza kutumika mwishoni mwa mwaka 1993. Kabla ya hapo kijidudu kilihesabiwa kuwa mali ya aliyekiokota.

Mzozo ule ulikuwa na faida. Mwaka 2006 Kenya iliweka kanuni za upatikanaji wa rasilimali za kijenetiki na mgawanyo wa manufaa. Mwaka 2007 KWS iliingia mkataba na kampuni ya Denmark, Novozymes, ya kutafuta vijidudu kwa makubaliano. Katiba ya 2010, Ibara ya 69, inaitaka Serikali ilinde rasilimali za kijenetiki. Muhimu zaidi kwangu ni kwamba vijana walianza kukuza bakteria wa Elmenteita na Bogoria katika maabara za Juja, kwenye Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia, badala ya kungoja sampuli zisafirishwe ng'ambo. Na wale wa ng'ambo bado wanavutwa na maziwa haya. Mwaka 2016 timu ya Han Chunyu wa China ilitangaza kwamba protini ya Natronobacterium gregoryi inaweza kukata na kuhariri vinasaba. Maabara nyingine hazikuweza kupata matokeo hayo, na makala ikaondolewa mwaka 2017. Kwa mwaka mmoja hivi, jina la kiumbe wa Magadi lilikuwa midomoni mwa wanasayansi wa dunia nzima.

Tukirudi miaka ya 1990, sampuli zile zilipokuwa zikichukuliwa, heroe walikuwa wakifa. Mwaka 1993 mizoga ilizagaa Bogoria, mwaka 1995 ikawa Nakuru. Watu walinyoosha kidole kwa viwanda vya Nakuru na majitaka ya mji, na haikuwa bila sababu, maana ziwa liko chini ya mji na kila kinachomwagwa huishia humo. Uchunguzi ulikuta metali nzito na kifua kikuu cha ndege. Ila ngazi moja chini zaidi kulikuwa na jambo lingine. Mwaka 2003 Lothar Krienitz, Kiplagat Kotut wa Chuo Kikuu cha Kenyatta na wenzao walionyesha kwamba utando wa sianobakteria unaoota kwenye mikondo ya chemchemi za maji moto za Bogoria una sumu za ini na za neva, na sumu hizo zilikutwa ndani ya heroe waliokufa. Ndege hao huenda kwenye chemchemi kunywa na kuosha manyoya kwa sababu maji ya hapo yana chumvi kidogo. Wakinywa, humeza na vipande vya utando. Sianobakteria mmoja anamlisha heroe, na mwingine wa ukoo huo huo anamuua, hatua chache kutoka hapo.

Na Arthrospira naye ana wa kumla. Mwaka 2014 Peter Peduzzi, Michael Schagerl na wenzao wa Chuo Kikuu cha Vienna walichapisha habari za Nakuru ya mwaka 2009: virusi walikuwa wamejaa majini kwa mabilioni katika kila mililita, wakiingia ndani ya nyuzi za Arthrospira na kuzipasua. Nyuzi zikapungua, kisha heroe wakapungua. Kitu kidogo kuliko bakteria kilikuwa kimewahamisha ndege kwa malaki bila hata kuwagusa. Nikiisoma kazi hiyo huona kwamba swali la Jenkin lilikuwa limefika chini kabisa.

Mwaka uliofuata ule wa 2009, mvua zikaanza kuzidi. Kuanzia 2010 na 2011 maziwa ya Bonde la Ufa yalipanda, yakameza nyumba, shule, malisho, na kwa Nakuru yakameza hata lango kuu la Hifadhi. Familia nyingi zilipoteza kila kitu, na hasara hiyo haipaswi kusahauliwa tunapozungumzia vijidudu. Chini ya maji hayo mapya mlo nao ulibadilika. Chumvi ikapungua, magadi yakalainika, na wale waliokuwa wakishindwa na ukali wakapata nafasi. Faida ya Arthrospira ilikuwa kuvumilia asichovumilia mwenzake. Maji yakishapoa ukali, hana tena uwanja wa peke yake. Mwaka 2011, wakati UNESCO inayatangaza Nakuru, Elmenteita na Bogoria kuwa urithi wa dunia kwa sababu ya ndege wake miongoni mwa mengine, heroe wa Nakuru walikuwa tayari wanaelekea kwingine.

Mwaka 2024 Aidan Byrne, Emma Tebbs na wenzao walichapisha hesabu ya miaka zaidi ya ishirini iliyopigwa kwa picha za setilaiti kwenye maziwa 22 ya Afrika Mashariki yanayotumiwa na heroe wadogo. Setilaiti haiwaoni bakteria mmojammoja, lakini inaona ukijani wao. Kati ya 2009 na 2022 eneo la Ziwa Nakuru liliongezeka kwa asilimia 91, na wastani wa ukijani wake ukapungua kwa nusu. Ziwa karibu maradufu, chakula nusu. Kwa miaka mingi ndege wa maji wa maziwa haya wamehesabiwa na watu wenye darubini. Naamini chumvi, naitrojeni na nyuzi za Arthrospira vinastahili kuhesabiwa kwa ukawaida huo huo, na matokeo yake yawekwe wazi kwa wavuvi, wakulima na wakazi wa jiji la Nakuru, kwa sababu ndege ni wa mwisho kutoa habari na vijidudu ni wa kwanza.

Kaskazini kidogo kuna jambo ambalo wakazi wa Baringo wanalijua vizuri kuliko mwandishi yeyote. Ziwa Baringo lina maji matamu, samaki na mamba. Ziwa Bogoria ni magadi matupu, halina samaki hata mmoja, na ndilo limekuwa kimbilio la heroe Nakuru inapowashinda. Maziwa hayo mawili yamepanda, na ardhi iliyoyatenga imepungua. Yakikutana, magadi ya Bogoria yanaweza kuwaua samaki wa Baringo, na magadi yenyewe yanaweza kulainika, na mahali pa nyuzi za Arthrospira pakachukuliwa na wale waliokuwa wakishindwa na ukali, kama ilivyotokea Nakuru.